Difu, tairi, na taa ya kijani pale Woodward

Vijana wakishajua kwamba niliishi Detroit miaka ya sitini, swali huwa ni moja tu: "Mzee, gari gani lilikuwa na mbio kuliko yote?" Wanataka jina na namba. Nguvu za farasi ngapi, robo maili kwa sekunde ngapi. Mmoja alinitumia orodha aliyoiokota mtandaoni, ameipanga kama msimamo wa ligi, Hemi, ile injini kubwa ya Chrysler, kileleni, Mustang za kawaida zinapigania kutoshuka daraja, akitaka nimthibitishie. Sikumthibitishia. Nilimwambia kwamba gari lenye mbio Woodward Avenue, barabara tuliyoshindania magari usiku, lilikuwa lile ambalo tairi zake za nyuma zilishika lami mapema kuliko za mwenzake. Akaona mzee anakwepa swali. Basi wacha nieleze kwa kirefu, maana kwenye simu siwezi.

Nilifika Detroit mwaka 1966 kusoma uhandisi Wayne State, na chuo chenyewe kiko jirani kabisa na Woodward. Barabara hiyo inaanzia karibu na Mto Detroit, inapanda kaskazini-magharibi maili 27 hivi hadi mji wa Pontiac. Ukiifuata unapita historia nzima ya gari bila kushuka kwenye kiti: Highland Park, ambako Ford walianza kuunganisha Model T kwenye mstari unaotembea mwaka 1913, na ambako Chrysler walikuwa na makao yao makuu, kisha kile kipande cha kati ya Six Mile na Seven Mile kilichomwagwa zege mwaka 1909, maili ya kwanza ya barabara kuu ya zege nchini Marekani. Halafu unavuka Eight Mile, unatoka Detroit, unaingia Ferndale, Royal Oak, Birmingham. Huko juu barabara ilikuwa pana kupita kiasi, njia nne kwenda na nne kurudi, katikati ukanda wa nyasi wenye sehemu za kugeuzia, na taa za barabarani zimepangwa kwa umbali wa kuchokoza. Aliyeichora hakuwa na nia ya kujenga uwanja wa mbio, ila alijenga.

Jioni nilifanya kazi kwenye kituo kimoja cha mafuta kaskazini ya Eight Mile. Kazi ya kujaza, kufuta kioo, kupima oili. Mafuta yalikuwa kama senti 35 kwa galoni, na yalikuwa na madini ya risasi ndani yake, kitu ambacho leo tunajua kilikuwa sumu kwa kila aliyeivuta hewa ile, mimi nikiwemo. Lakini risasi hiyo ndiyo iliyoruhusu injini zenye mgandamizo mkubwa kufanya kazi bila kugonga, yaani bila mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Wateja wa kawaida walisema "jaza ya kawaida". Wengine walisimama, wakazima injini polepole kama hawataki kuiamsha tena, wakaomba ya daraja la juu kabisa. Hao niliwajua. Hata kabla hawajafika nilishawasikia: kuna mlio wa V8 yenye kemshafti kali, ile shafti inayofungua vali, haitulii ikiwa imesimama, inayumba-yumba, inatikisa boneti. Mwenye nyumba ya jirani na sheli aliuchukia mlio huo. Mimi nilijifunza kuusoma, na naweza kusema darasani kwa maprofesa sikupata somo la injini zuri kuliko lile.

Wahandisi wa viwandani walipita pia. Hili watu hawaliamini, lakini lilijulikana na kila mtu pale. Viwanda vilikuwa hapohapo. Mtu anatoka kazini na gari la majaribio, anakwenda nalo nyumbani kupitia Woodward, na njiani anataka kujua lina nini mbele ya gari la kampuni pinzani. Pontiac, idara ya General Motors yenye jina la mji ule, ndio waliokuwa wachokozi wakubwa. Mwanzoni mwa 1963 wakubwa wa General Motors walikuwa wamepiga marufuku idara zao kujihusisha na mashindano, na tayari palikuwa na kanuni kwamba gari la ukubwa wa kati lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean, mhandisi mkuu, na wenzake pale Pontiac wakachukua Tempest ya kawaida, wakaitia injini ya 389, na ili kupita kando ya kanuni hawakuiita gari jipya. Waliiandika kwenye orodha ya vitu vya kuongeza ukitaka, kwa dola 295 na ushee. Ndiyo GTO ya 1964. Walitegemea kuuza chache, wakauza zaidi ya 32,000 mwaka ule wa kwanza. Mtu aliyeanzisha moto huu alifanya hivyo kwa kujaza fomu vizuri, jambo ambalo mimi kama mhandisi bado linanifurahisha kuliko injini yenyewe.

Lakini GTO haikuwa ya mfuko wangu.

Mwenzangu wa chumba alikuwa kijana wa Detroit, wazazi wake walitoka Alabama, na alifanya kazi kiwanda cha Dodge kule Hamtramck. Mwaka 1969 tulichanga pesa tukanunua Plymouth Road Runner ya 1968 (Plymouth na Dodge zote zilikuwa za Chrysler) kwa jamaa aliyekuwa anaingia jeshini. Road Runner ilikuwa gari la mtu asiye na pesa anayetaka mbio. Mpya ilianzia dola 2,896. Ndani hakuna zulia, chini ni mpira mtupu; kiti cha mbele ni benchi moja kama la gari la polisi; hakuna pambo lolote isipokuwa kikatuni cha ndege pembeni na honi inayolia mip-mip, na kwa haki ya ndege huyo kampuni iliwalipa Warner Bros. dola 50,000. Pesa yote iliyobaki iliingia chini ya boneti: injini ya 383, nguvu za farasi 335, vichwa vya silinda na kemshafti vikiwa vimeazimwa kwa kaka yake mkubwa, ile 440. Aliyetaka Hemi ya 426 aliongeza zaidi ya dola 700, robo nzima ya bei ya gari. Hatukuwa na 700. Hata hizo nyingine tulikuwa nazo kwa kubanana.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Yeye aliendesha, mimi nilishika spana. Na tangu wiki ya kwanza tulianza ugomvi ambao haujaisha hadi leo, ugomvi wa difu, zile gia za ekseli ya nyuma.

Gari lilikuja na difu ya 3.23, yaani propela inazunguka mara 3.23 ili tairi za nyuma zizunguke mara moja. Ukipandisha namba hiyo, tuseme 3.91, tairi zinapata nguvu zaidi ya kuvuta lakini injini inalazimika kuzunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule. Mwenzangu alitaka 3.91 kwa sababu kila mtu pale kwenye mikahawa ya magari alikuwa anatamba na namba kubwa. Mimi nilimwambia tatizo letu si nguvu. Tairi za wakati ule zilikuwa nyembamba, nyuzi zake zimepishana mshazari, mpira mgumu. Gia ya kwanza tu ilitosha kuzifanya zizunguke bure na kutoa moshi. Ukiongeza nguvu juu ya tairi ambayo tayari inateleza unaongeza moshi. Watazamaji wanapiga makofi, mwenzako anakwenda.

Kwa hiyo nilihangaika na mambo ambayo hayaonekani. Nilipunguza upepo kidogo tairi za nyuma. Nilitazama pointi za kisambaza cheche kila wiki, kwa sababu zikila kidogo tu taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, inahama. Nilisogeza taimingi mbele kidogo kidogo hadi injini inaanza kugonga, kisha nairudisha kiasi. Chrysler walikuwa na ujanja mmoja mzuri kwenye ekseli ya nyuma: springi za majani zimefungwa ekseli ikiwa karibu na mbele kuliko nyuma, ili kipande kifupi cha mbele kisijipinde ukikanyaga mafuta, na juu ya difu kuna kidude cha mpira kinachogusa sakafu difu inapotaka kuinua pua. Nilinunua kidude hicho kirefu zaidi, dola chache tu. Hakuna kitu kingine nilichokifunga kwenye gari lile kilichosaidia kama hicho, na hakuna rafiki yetu hata mmoja aliyetaka kuambiwa habari zake.

Mbio zenyewe zilianza kwa chakula. Jioni za Ijumaa na Jumamosi magari yalizunguka kati ya mikahawa ya kuagiza ukiwa ndani ya gari, kubwa zaidi zikiwa Totem Pole kule Royal Oak na Ted's kule juu kwenye Square Lake Road. Unaingia taratibu, unazunguka mara moja, watu wanatazama tairi zako na kusikiliza. Unatoka. Ukifika kwenye taa, mtu anasimama pembeni yako, anapiga resi kidogo, anakutazama. Ukitazama mbele, umekataa na hakuna aliyekutukana. Ukimjibu, mnasubiri kijani. Watu wa pesa nyingi hawakukimbia pale. Walikubaliana dau mkahawani kisha usiku wa manane wakaenda kwenye vipande vya barabara kuu mpya ya I-75. Sisi tulikuwa watu wa taa hadi taa.

Waliotaka kupimwa kihalali walikuwa na Detroit Dragway kusini ya jiji, uwanja uliowahi kuandaa mashindano ya taifa ya NHRA, chama cha mbio fupi za magari Marekani, mwaka 1959 na 1960. Tulienda. Huko unapewa karatasi yenye sekunde zako, na karatasi haina adabu. Ndiyo maana mabingwa wengi wa Woodward hawakuonekana kule.

Usiku ninaoukumbuka zaidi tulisimama taa ya Twelve Mile, pale penye ule mnara mkubwa wa kanisa la Shrine of the Little Flower, mwelekeo wa kaskazini. Pembeni ikaja Chevelle SS 396 ya Chevrolet, nyeusi, mpya, dereva amevaa tai. Nikadhani mtu wa kiwandani. Alituzidi nguvu, hilo halikuwa na ubishi. Nilimwambia mwenzangu, "Taratibu kwenye klachi. Mwache yeye achome." Taa ikageuka. Chevelle ikapiga kelele, ikajaza njia yake moshi mweupe, nyuma ikaanza kwenda upande. Mwenzangu aliachia klachi injini ikiwa chini, kama anatoka kwenda sokoni, gari likakaa chini nyuma na kuondoka bila fujo. Tulipoingia gia ya pili tulikuwa mbele kwa gari zima na zaidi. Niligeuka nikaona taa zake zimetulia katikati ya moshi wake mwenyewe. Gia ya tatu, bado tuko mbele, lakini sasa tairi zake zilikuwa zimeshika na ile 396 ikaanza kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Alikuja upande wangu inchi kwa inchi, nikaona mlango, nikaona tai. Nani alikuwa mbele pale mashindano yalipoisha? Inategemea yaliishia wapi, na hapo hapakuwa na mstari. Palikuwa na taa nyingine, na ilikuwa nyekundu.

Hapa ndipo orodha za mtandaoni zinaponyamaza. Magari yale yalijengwa kwenda. Kusimama ilikuwa habari nyingine. Breki zetu zilikuwa za ngoma magurudumu yote manne, na gari lina uzito wa zaidi ya pauni 3,400. Kanyaga mara moja kutoka maili 90 kwa saa, ngoma zinapata moto, zinatanuka, pedali inakuwa ndefu, harufu inaingia ndani, na gari linaendelea na safari yake. Tulipita mstari wa taa ile kwa urefu wa gari mbili. Chevelle ilipita zaidi yetu. Hapakuwa na mtu anayevuka. Ningeweza kusema ilikuwa hesabu nzuri, lakini hapakuwa na hesabu yoyote. Wako walioanguka kwa namna hiyohiyo, na wako ambao hawakuwa na kosa lolote, walikuwa wanarudi nyumbani tu. Simsifii mtu anayefanya haya leo barabarani, na vijana wanaonitumia video zao usiku wajue sizifungui.

Lipo na jambo jingine ambalo picha za zamani za Woodward, zile za rangi na watu wanacheka, haziligusi. Eight Mile ilikuwa mpaka kati ya weusi na wazungu. Julai 1967, mwaka mmoja baada ya mimi kufika, Detroit iliwaka kwa ghasia kati ya weusi na polisi. Watu 43 walikufa. Baada ya hapo weusi wawili katika gari lenye kelele kaskazini ya Eight Mile hawakuhitaji kukimbia ili kusimamishwa. Polisi wa kitongoji kimoja walitusimamisha tukiwa tunakwenda maili 25 kwa saa, wakatuuliza gari ni la nani, na mwenzangu akajibu kila swali kwa "ndiyo bwana" huku mikono ikiwa juu ya usukani. Wazungu wa rika letu walipewa onyo na kuambiwa waende nyumbani kulala. Mwenzangu alijua njia zote za pembeni za kurudi kusini, na hakuzijua kwa ajili ya mbio.

Ndiyo maana hadithi ya Black Ghost inanipendeza kuliko zote. Kulikuwa na Dodge Challenger nyeusi ya 1970, Hemi ya 426, gia nne za mkono, mkanda mweupe nyuma, paa la kuigiza ngozi ya mamba. Ilitokea, ikashinda, ikaondoka, kisha haionekani kwa miezi. Pale sheli niliisikia tu midomoni mwa wateja, kila mmoja na toleo lake. Baadaye sana ikajulikana mwenyewe alikuwa Godfrey Qualls, mwanajeshi wa zamani wa miavuli, mtu mweusi, na kazi yake ilikuwa polisi wa Detroit. Ndiyo sababu alitoweka. Alilitunza gari lile hadi alipofariki mwaka 2015, likarithiwa na mwanawe, na mwaka 2023 likauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja. Wote waliokuwa wanabishana pale kwenye pampu kwamba ni la mtoto wa bosi wa Chrysler, sijui walisema nini.

Yetu haikufika mnadani. Majira ya baridi Michigan humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi haibagui gari la mbio na gari la maziwa. Kufikia 1971 juu ya matairi ya nyuma tuliweza kupitisha kidole. Bima nayo ikapanda. Makampuni yalikuwa yameshajifunza kusoma orodha ya injini, na kijana chini ya miaka 25 mwenye gari la aina ile alitozwa kwa mwaka kiasi ambacho hakina uwiano na thamani ya gari. Watu husema vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 ndivyo vilivyoua magari haya. Vilikuta maiti. Sheria ya hewa safi ya 1970 ilishawafanya watengenezaji wapunguze mgandamizo, na kuanzia magari ya 1972 nguvu zikaanza kupimwa injini ikiwa na vifaa vyake vyote, si ikiwa uchi juu ya meza. Chevelle yenye 454 ya kawaida iliandikwa 360 mwaka 1970. Mwaka 1972 iliandikwa 270. Sehemu ya tofauti ile ni nguvu iliyopotea kweli. Sehemu nyingine ni nguvu ambayo haikuwahi kufika kwenye tairi. Kwa hiyo kijana wangu mwenye orodha, hizo namba zako za juu kabisa, zigawe kwanza.

Tuliliuza mwenzangu alipooa. Tangu 1995 kuna msafara wa kila Agosti pale Woodward, ulianza kama harambee ya uwanja wa soka wa watoto wa Ferndale, na siku hizi unajaa hadi magari hayasogei. Niliwahi kwenda. Mwendo wa kobe, wazee kwenye viti vya kukunja, rangi zimeng'arishwa kuliko zilivyotoka kiwandani. Gari la familia la umeme likapita kimya kwenye njia ya kando, na najua lingetuacha sote. Halikunisumbua.

Kilichonisumbua ni mwenzangu, aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni yangu. Maana sijamaliza habari ya difu. Wiki mbili baada ya ile Chevelle alikwenda bila kuniambia, akapata difu ya 3.91 kwenye yadi ya magari yaliyogongwa, akaifunga na binamu yake. Kuanzia siku hiyo gia ya kwanza ilikuwa moshi mtupu, na kwenye barabara kuu injini ilizunguka mara 3,500 kwa dakika pale ambapo zamani 2,900 zilitosha, ikinywa mafuta niliyokuwa nauziwa na bosi wangu bila punguzo. Yeye anashikilia kwamba tungekuwa nayo usiku ule tungemmaliza yule mwenye tai kabla ya gia ya tatu. Mwezi uliopita alinipigia simu akaanza tena, safari hii ana hesabu aliyofanyiwa na mjukuu kwenye kompyuta. Nikamuuliza kama mjukuu ameingiza tairi. Akasema tairi gani. Nikamwambia aende akamwambie aingize tairi, upana wake na mpira wake wa 1968, halafu anipigie. Bado hajapiga.